Nyonga ya Mama Maabarani

Mama yake Bi Mifupa alipozinduka baada ya kutolewa nyonga mbovu na kuwekewa ya chuma, hakuuliza kama upasuaji ulikwenda salama. Aliuliza, "Ile ya zamani iko wapi?"

Muuguzi alidhani ni dawa ya usingizi inayosema, akamwambia apumzike. Mama akarudia swali, safari hii kwa sauti ya mtu aliyeazima sufuria yake kwa jirani na sasa anaitaka. Ikabidi binti, aliyekuwa amekaa pembeni ya kitanda, ainame na kumnong'oneza sikioni.

"Iko kwetu maabarani, mama. Imefungwa vizuri, imeshaingia kwenye friza."

"Haya. Angalia tu isije ikachanganywa na ya wifi yangu." Akafumba macho, akalala usingizi wa mtu aliyemaliza shughuli zake.

Bi Mifupa ni jina alilopachikwa kazini, likamfuata mpaka mtaani, na siku hizi hata mama yake hulitumia mbele ya wageni. Kazi yake ni kupima mfupa unaweza kustahimili uzito gani kabla haujashindwa. Maabara yao iko nyuma ya hospitali, chumba kirefu chenye safu ya friza upande mmoja na mashine upande wa pili. Mgonjwa akibadilishwa nyonga, kile kichwa cha mfupa wa paja kinachotolewa, kitu cha mviringo cha ukubwa wa limau, anaweza kukitoa kwa maabara badala ya kuacha kitupwe. Hapo hukatwa vipande vidogo mfano wa vizibo vya chupa. Vipande hupigwa picha za mionzi kutoka kila upande, kisha huwekwa kwenye mashine ya kubonyeza, nayo huvibonyeza mpaka visalimu amri. Ndivyo madaktari wanavyojifunza ni nyonga ya nani itavunjika akiteleza bafuni na ya nani itamsamehe.

Majina ya watu hubaki hospitalini. Mfupa hupewa namba, na mwenye mfupa naye hupewa hiyo namba yake ili siku akitaka kujua matokeo aulize. Wagonjwa wengi hawaulizi. Nani ana shida na mfupa uliokwisha kumsumbua? Mama aliikariri namba yake kabla wino haujakauka, akamsomea binti yake kwenye simu mara mbili, akamwambia, "Usiseme hujui."

Sasa hapa lazima ielezwe habari ya wifi, maana bila wifi hakuna kisa.

Wifi wa mama, yaani shangazi yake Bi Mifupa, ni mwanamke mpana, mwenye mkono mzito na ulimi mzito zaidi. Siku mama alipoletwa kama bibi harusi, mwembamba, macho chini, shangazi alimtazama kutoka juu hadi chini mbele ya ukoo mzima akasema, "Kaka yangu amekwenda kutafuta mke, ametuletea ufito." Watu wakacheka. Mama naye akacheka, maana bibi harusi afanye nini? Lakini lile neno alilimeza likakwama njiani, na miaka yote hiyo halikushuka tumboni wala halikutoka.

Kisha baba akafariki mtoto akiwa bado hajaota meno ya ukubwani, na ule ufito ukaenda kuomba kazi kwenye majengo. Alipewa karai. Alibeba zege kichwani akipanda ngazi za mbao, ghorofa baada ya ghorofa, akishuka mikono mitupu na kupanda tena. Hata leo ukipita naye mjini hukosi kusimamishwa mbele ya jengo fulani. "Ghorofa ya juu kabisa hiyo," atasema akinyoosha kidole, "imepita hapa," na atajigonga utosini. Kwa zege hilo mtoto alisoma, akaendelea kusoma, mpaka akafika mahali ambapo mama hakuweza tena kumwuliza amesoma nini leo. Shangazi aliyaona yote hayo. Alisaidia pia, tusimdhulumu. Sare za shule nyingi zilitoka kwake. Ila lile neno hakuliondoa hata siku moja, na mama hakuwahi kumwomba aliondoe.

Mungu naye ana mizaha yake. Nyonga zao ziliharibika mwaka mmoja, wakapasuliwa na daktari mmoja, na wote wawili wakatoa mifupa yao kwa maabara moja. Mama aliposikia kwamba wifi naye amepewa namba, alimwambia binti yake polepole, bila utani wowote: "Mimi na yeye hatukuwahi kupimwa. Sasa mashine yako itasema."

Bi Mifupa alikwenda kwa Profesa, mkuu wa maabara, akamweleza kwamba kwenye friza kuna mfupa wa mama yake. Profesa ni mtu mrefu, mpole, anayezungumza na kalamu mdomoni. Alifikiri, akaitoa kalamu. "Kata wewe, piga picha wewe. Kubonyeza atabonyeza mwenzako." Na ikawa hivyo.

Lazima pia ijulikane kwamba hakuna aliyekuwa mkali kama Bi Mifupa katika kuhifadhi mifupa. Kwake mfupa haukuwa jiwe. "Mfupa mwilini mwa mtu umelowa," aliwaambia wageni wote wa maabara. "Ukiupima mkavu, unampima mtu ambaye hayupo." Friza hakuiogopa: mfupa uliofungwa kitambaa cha shashi kilicholowa maji ya chumvi, ukagandishwa, ukayeyushwa taratibu, huamka karibu vile ulivyolala. Dawa za kuhifadhia maiti hakutaka kuzisikia, kwa kuwa huufundisha mfupa kusema uongo. Mionzi aliipima kwa kijiko, maana ikizidi hudhoofisha ule utomvu unaoushikilia mfupa. Lakini adui yake mkubwa ni hewa hii hii tunayovuta. Katika maabara ile hawasemi "umeufunga?" Wanasema "umeuvalisha?" Mfupa hutoka friza umevaa, huingia kwenye mashine ya picha umevaa, na huvuliwa dakika za mwisho tu, chini ya mashine ya kubonyeza, tena ukidondoshewa maji. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuacha kipande mezani bila nguo akaenda kunywa chai. Aliporudi alikikuta kipande kwenye pipa na Bi Mifupa amesimama karibu nalo.

Siku ya mfupa wa mama ilipofika, alivaa koti safi. Alikata kipande cha kwanza na cha pili kwa msumeno mwembamba unaokata huku ukimwagiwa maji. Cha pili akakivalisha na kukirudisha friza kama akiba. Cha kwanza akakipiga picha ya kawaida, ile ya haraka wanayowapigia wote.

Picha ikatoka. Ilikuwa nzuri, ila ilikuwa kama za wengine, na hilo ndilo lililomkera. Alitazama ile mihimili myembamba ndani ya mfupa, yenye ukungu kidogo pembeni kwa sababu ya maji ya shashi, akaona haijatendewa haki. Mashine ilikuwa na uwezo wa kupiga picha kali zaidi ya ile, ya kuhesabu hata mihimili iliyo nyembamba kuliko unywele, ingawa picha hiyo huchukua sehemu kubwa ya siku kukamilika. Kwa nini mama yake apate picha ya haraka haraka, kama ya kitambulisho?

Basi yeye, kwa mikono yake, yeye aliyetupa pipani kipande cha mwanafunzi kwa kosa hilo hilo, akauvua mfupa wa mama yake ile shashi ili ukungu uondoke. Akauweka uchi ndani ya mashine, akafunga mlango. Wala hakuhisi kwamba anakosea. Mapenzi yana tabia hiyo.

Picha ilipokamilika, chumba kizima kilikuja kutazama. Ndani ya kile kizibo kidogo mlikuwa na nguzo na matao, yameshikana, yameegemeana, nguzo nene zikielekea pale mzigo ulipokuwa unashuka. Ilikuwa kama jengo ambalo mafundi bado hawajaliondolea majukwaa. Profesa aliinama mpaka kalamu ikamdondoka. "Huyu mama alikuwa anafanya kazi gani?" akauliza, na Bi Mifupa akajibu kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye friza ya mwisho, "Alibeba zege."

Katika shangwe hizo mwenzake wa mashine ya kubonyeza alikichukua kipande, akakiweka mahali pake, akakidondoshea maji kama kawaida, akabonyeza. Alikikuta hakina nguo akadhani kimevuliwa sasa hivi; hakujua kwamba kilishinda kutwa nzima hivyo, na matone hayo yalikuwa kama kumnawisha uso mtu mwenye kiu. Bi Mifupa hakukumbuka kumwambia. Alikuwa anachapisha picha.

Matokeo yalipita ya wote. Hayakupita kidogo, yalipita kiasi kwamba Profesa alimwomba mwenzake ahakikishe mashine haina tatizo, na mashine haikuwa na tatizo. Profesa kwa muda mrefu alikuwa akishikilia hoja moja: kwamba wanawake waliobeba mizigo maisha yao yote huzeeka na mifupa migumu kuliko wenzao. Sasa mfupa huu ulisimama mbele ya mingine kama shahidi asiyeyumba. Akaanza kuandika makala yake siku ile ile.

Na Bi Mifupa akaenda nyumbani na picha chini ya kwapa.

"Umeshika namba moja," alimwambia mama yake mlangoni, hata viatu hajavua.

Mama aliishika picha kwa mikono miwili. "Na ya wifi?"

"Ya shangazi, kwa namba aliyonipa, iko katikati. Nzuri tu, ya kawaida."

Mama alitafuta msumari. Aliitundika picha ukutani juu ya kochi, akarudi nyuma, akaenda kuinyoosha, akarudi nyuma tena. Shangazi alipokuja kumjulia hali, akijikongoja na fimbo yake, aliletwa mbele ya picha kabla hajaonyeshwa kiti. Alielezwa yote. Alisimama pale muda mrefu, anahema.

"Haya, wifi," shangazi akasema mwisho. "Lile neno nililolisema siku ya harusi yako, leo nalifuta. Sikujua nasema nini."

Kumbe alikuwa analikumbuka naye. Mama alimkaribisha kiti, akamletea chai, wakazungumza habari za nyonga na hospitali kana kwamba hakuna kilichotokea. Shangazi alipoondoka tu, mama alikaa jikoni akalia, na binti akamwacha alie, akasimama mlangoni akijiona ni mtoto aliyemlipa mama yake deni ambalo pesa hailipi.

Furaha ile iliishi mpaka Profesa alipomwomba achore grafu za makala.

Alizipanga zote kwenye kioo cha kompyuta, mstari mmoja kwa kila mfupa. Mistari ya wengine ilipanda, ikainama, ikajivuta kidogo ikishuka taratibu, kama mtu anayekalia kiti akiwa amechoka. Mstari wa mama ulipanda wima kuliko yote, haukuinama hata kidogo, ukafika juu, ukakatika ghafla. Bi Mifupa aliutazama mstari ule, akaukuza kwenye kioo. Mfupa uliolowa hausemi hivyo. Kijiti kikavu ndicho kinachosema hivyo. Akakumbuka shashi aliyoiacha mezani siku ile, imekunjwa vizuri kando ya mashine ya picha, na yeye mwenyewe ndiye aliyeikunja.

Alikaa pale. Asiwepo mtu wa kusema kwamba hakujaribiwa. Hakuna aliyemwona akiivua. Picha ilikuwa ukutani, neno lilikuwa limefutwa, Profesa alikuwa na shahidi wake. Kitu pekee kilichotakiwa kwake ni kunyamaza, na kunyamaza ni kazi nyepesi kuliko zote. Halafu akawaza nyonga za watu wengine, wale ambao daktari wao atasoma makala hii na kuamini kwamba mbeba mizigo mzee hana haja ya kuangaliwa. Akawaza mwanamke mmoja wa aina ya mama yake, anateleza bafuni.

Akakitoa kile kipande cha pili friza. Akakiyeyusha taratibu kikiwa kimevaa, akakipiga picha ya haraka kikiwa kimevaa, akamkabidhi mwenzake. "Nibonyezee hiki," alisema, na akasubiri nje kama ndugu wa mgonjwa.

Kilipanda, kikainama, kikashuka taratibu. Kilikuwa kipande cha mfupa mzuri wa mwanamke mzee. Kilikuwa katikati ya wenzake. Tena, kwa sababu Mungu hakuwa amemaliza mizaha yake, kilikuwa chini kidogo ya cha shangazi.

Profesa alimsikiliza kalamu ikiwa mdomoni, na kadiri alivyosikia ndivyo alivyoacha kuitafuna. "Niliuvua mimi," Bi Mifupa alisema. "Mwenzangu hana kosa, mashine haina kosa. Kosa ni langu peke yangu. Mfupa ulikauka, ukakakamaa, ndiyo maana ukaonekana una nguvu. Naomba uondolewe kwenye makala."

"Unajua ukiondoka huo, hoja yangu inabaki na nini?"

"Inabaki na ukweli wake, Profesa. Ni mdogo, lakini upo."

Profesa aliinuka akaenda dirishani, akarudi. Alikuwa amekasirika, na haikuwa aibu kukasirika. Alikuwa amepoteza shahidi. "Nisingeligundua," akasema mwisho. "Hata wasomaji wasingeligundua. Na kama mfupa mmoja unaweza kutudanganya hivi ndani ya mashine yetu wenyewe, ni mingapi imeshatudanganya kwingine?" Akakaa. "Makala ile naisimamisha. Tutaandika hii kwanza: jinsi tunavyoihifadhi na kuipiga picha, na inavyobadilika mikononi mwetu. Jina lako litatangulia langu."

Alipaswa kufurahi, na kwa kiasi fulani alifurahi. Lakini njia nzima ya kwenda nyumbani alikuwa anafikiria msumari ulioshikilia ile picha.

Alimkuta shangazi yupo. Wamekaa kwenye kochi moja chini ya picha, fimbo zao zimeegemeana ukutani. Angeweza kungoja shangazi aondoke. Alijijua, akingoja hatasema.

"Mama, shangazi, nina neno," akasema, akakaa chini kwenye mkeka ili asiwaangalie kwa juu. Akaeleza. Alieleza kuhusu maji, shashi, na mfupa unaokauka ukajifanya chuma. Alieleza alivyotaka picha nzuri. Alieleza kipande cha pili, na alivyomwambia Profesa kwamba kosa ni lake peke yake.

"Kwa hiyo wa nani una nguvu zaidi?" shangazi akauliza.

"Wako, shangazi. Kwa kidogo sana."

Shangazi alifungua mdomo, akaufunga. Ni mara chache mtu yeyote alimwona akiufunga.

Mama alikuwa anaangalia mikono yake. "Nani mwingine alijua kwamba uliuvua?"

"Hakuna."

"Profesa wako?"

"Hakujua."

"Na yule anayebonyeza?"

"Hakujua, mama. Nilikuwa peke yangu."

"Kwa hiyo ungeweza kukaa kimya."

"Ungebaki namba moja. Ungeandikwa hivyo, na watu wangesoma."

Nje kulikuwa na mtu anafagia, na ufagio ulisikika wazi. Mama akamgeukia aliyekaa naye kochini. "Wifi, lile neno ulilofuta, una haki ya kulichukua. Mashine imekupa."

"Nikilichukua nitalipeleka wapi, uzee huu?" shangazi akasema. Alimtazama mpwa wake pale chini kwenye mkeka, akamtazama muda mrefu kuliko alivyoitazama picha. "Mimi sikulifuta kwa ajili ya mfupa. Nilikuwa natafuta mlango tu, na mfupa ulikuwa mlango. Liache lilivyo."

Bi Mifupa alianza kusema anaomba radhi, mama akainua mkono kumzuia. Macho yake yalikuwa yamejaa, lakini shingo ilikuwa imenyooka, ile shingo ya kubebea karai.

"Hebu rudia," mama akasema. "Pale ulipomwambia Profesa kwamba kosa ni lako peke yako."

"Mama, nimeshasema."

"Rudia. Wifi yangu hakusikia vizuri."

"Nimesikia," shangazi akasema.

"Hukusikia," mama akasema. "Sema, mwanangu. Sema taratibu."

Akasema tena, neno kwa neno, na mama yake akasikiliza akiwa ameinua kichwa, kama mtu anayesomewa sifa zake mwenyewe.